Mwenzako Akinyolewa, Wewe Tia Maji

SOMO LA AFYA: KWA NINI TWADHANI UGONJWA NI WA WENGINE?

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hii twaijua sote. Twawafundisha hata watoto wetu. Lakini ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa, wengi wetu hatutii maji. Twamtazama mwenzetu akinyolewa, twamsikitikia, kisha twarudi kwenye kazi zetu kana kwamba wembe hautafika kwetu.

Katika somo hili tutajiuliza jambo moja. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayewapenda watoto wake, hudhani kwamba ugonjwa utawapata watu wengine, na yeye atasalimika? Tutatumia mfano wa kipindupindu, kwa sababu ugonjwa huu umekwisha tembelea vijiji vingi. Kama mnasoma katika kikundi, someni sehemu moja moja, kisha mjadiliane.

1. KIPINDUPINDU NI UGONJWA GANI?

Kipindupindu huletwa na vijidudu vidogo sana. Macho hayawezi kuviona. Vijidudu hivyo hutoka katika mavi ya mtu aliyeambukizwa. Huingia kwa mtu mwingine kwa njia ya mdomo, yaani kwa maji, kwa chakula au kwa mikono michafu. Tuseme wazi bila aibu: anayepata kipindupindu amekula au amekunywa mavi ya mtu mwingine, bila kujua.

Ugonjwa huanza kati ya saa 12 na siku 5 baada ya vijidudu kuingia tumboni. Mgonjwa huharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshea mchele. Wengi hutapika pia. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa siku moja. Hiyo ni nusu debe au zaidi! Mwili hukauka, macho huingia ndani, nguvu huisha. Asipotibiwa aweza kufa kwa muda wa saa chache tu.

Wimbi la kipindupindu tulilo nalo lilianza mwaka 1961 nchini Indonesia. Mwaka 1970 lilifika Afrika Magharibi. Tanzania ilitoa taarifa ya wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1974. Mwaka 1977 na 1978 ugonjwa ulienea kwa nguvu, na tangu hapo umekuwa ukirudi. Mwezi Agosti 2015 ulilipuka Dar es Salaam, ukaenea mikoa mingi, ukafika na Zanzibar. Kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa zaidi ya 24,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 370.

2. MAZUNGUMZO KISIMANI

Mazungumzo haya yametungwa kwa ajili ya somo letu. Lakini msomaji, huenda umekwisha yasikia kijijini kwako.

BWANA AFYA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, Bwana Afya. Karibu. Habari za huko utokako?

BWANA AFYA: Si nzuri sana, mzee. Kijiji cha bondeni kuna kipindupindu. Wamekwisha zika watu wawili.

MZEE: Masikini! Mungu awarehemu.

BWANA AFYA: Na hapa nyumbani, maji mnachemsha?

MZEE: Kuchemsha ya nini, mwanangu? Hebu yatazame. Yanang'aa kama kioo. Kisima hiki alikichimba marehemu baba. Nimekunywa maji yake miaka sitini, sijalazwa hata siku moja.

BWANA AFYA: Wenzetu wa bondeni nao walisema hivyo hivyo.

MZEE: Aa, wale! Wale hata vyoo hawana. Wageni wanaingia na kutoka. Sisi hapa twajuana.

BWANA AFYA: Na choo chenu, mzee, ki hali gani?

MZEE: Kipo. Kilibomoka kidogo mvua zilipoanza. Kwa sasa watoto huenda pale migombani.

BWANA AFYA: Mzee wangu, hiyo ni hatari.

MZEE: Mwanangu, mtu ni siku zake. Siku ikifika, imefika.

Mzee huyu si mpumbavu. Ni mtu mwema, na anasema anayoyaona. Ametoa sababu nne: maji yanang'aa, nimeyanywa miaka mingi, ugonjwa ni wa wale, na siku ikifika imefika. Tuzipime moja moja.

3. SABABU YA KWANZA: "MAJI YANANG'AA"

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua bilauri mbili za maji safi. Katika bilauri moja tia kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Mwite mtu ambaye hakukuona. Mwambie aseme kwa macho tu, ni bilauri ipi yenye chumvi. Hataweza. Ulimi utajua, lakini macho hayatajua.

Vijidudu vya kipindupindu ni hivyo hivyo, tena vimezidi, maana hata ulimi hauvitambui. Maji ya matope huenda yasiwe na kipindupindu. Maji yanayong'aa huenda yakawa nacho. Rangi ya maji haituambii lolote juu ya vijidudu.

Mji mmoja wa Ulaya ulijifunza jambo hili kwa machozi. Ni mji wa Hamburg, nchini Ujerumani. Ulikuwa mji tajiri, wenye bandari kubwa na maji ya bomba. Lakini maji hayo yalitoka mto Elbe bila kuchujwa. Jirani yake kabisa ulikuwapo mji wa Altona. Altona nao walitumia maji ya mto ule ule, tena upande wa chini, yakiwa yamekwisha pita Hamburg na uchafu wake. Ila Altona waliyachuja kwanza kwa mchanga.

Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Viongozi wa Hamburg walichelewa kuutangaza ugonjwa, kwa kuhofia biashara ya bandari. Watu wakaendelea kunywa. Waliougua walikuwa karibu 17,000, na waliokufa zaidi ya 8,600. Altona waliougua walikuwa wachache sana. Mpakani kulikuwa na mtaa mmoja: upande huu nyumba zilipata maji ya Hamburg, upande ule maji ya Altona. Upande wa Hamburg watu waliugua. Upande wa Altona walisalimika. Hewa ni moja, mtaa ni mmoja. Tofauti ilikuwa maji.

4. SABABU YA PILI: "NIMEKUNYWA MIAKA SITINI"

Sababu hii ina nguvu, kwa kuwa ni kweli. Mzee amekunywa na hakuugua. Lakini maji ya kisima cha leo si maji ya jana. Kipindupindu hakizaliwi na kisima. Huletwa. Mtu mmoja akirudi safari na vijidudu tumboni, akajisaidia migombani, mvua ikanyesha usiku, asubuhi kisima ni kipya. Ile miaka sitini haimlindi mtu na asubuhi hiyo moja.

Pia kuna siri nyingine. Watu wengi wanaoingiwa na vijidudu vya kipindupindu hawaugui kabisa, au huharisha kidogo tu. Hata hivyo vijidudu hutoka katika mavi yao kwa muda wa siku 1 hadi 10. Tuseme watu 10 wamekunywa maji mabaya. Huenda 8 wasijisikie kitu. Hao 8 watasema, "Maji haya yana ubaya gani? Sote tumekunywa." Nao ndio wanaowapelekea wengine ugonjwa, huku wakiwa wazima kabisa.

Mwaka ule ule wa 1892, mwezi wa Oktoba, bingwa mmoja wa afya alifanya jambo la ajabu katika mji wa Munich. Jina lake Max von Pettenkofer, mzee wa miaka 73. Yeye hakukubali kwamba vijidudu peke yake huleta kipindupindu. Basi alikunywa supu yenye vijidudu hivyo, watu wakijua. Hakufa. Aliharisha kidogo tu, akasema, "Mnaona?" Mwanafunzi wake, Rudolf Emmerich, naye akanywa mwezi ule ule. Huyu aliharisha vibaya, ingawa naye alipona.

Hata bingwa alidanganywa na kupona kwake mwenyewe! Alisahau kaburi za Hamburg, zilizokuwa bado mbichi. Kupona kwa mtu mmoja si ushahidi kwamba hatari haipo. Anayevuka mto wenye mamba aweza kuvuka mara nyingi, na kila akivuka moyo wake huzidi kuwa mgumu. Lakini mamba hakuondoka. Za mwizi ni arobaini.

5. SABABU YA TATU: "UGONJWA NI WA WALE"

Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Neil Weinstein, alichapa matokeo ya uchunguzi wake. Aliwauliza wanafunzi wa chuo: ukijilinganisha na wenzako, wewe una hatari kubwa zaidi au ndogo zaidi ya kupatwa na mabaya, kama vile magonjwa? Walio wengi walisema kwamba hatari yao ni ndogo kuliko ya wenzao.

Hebu tufanye hesabu. Darasani kuna watu 30. Kila mmoja anasema, "Shamba langu ni dogo kuliko mashamba yenu." Yawezekana? Haiwezekani. Lazima wengine wawe na mashamba makubwa. Na hatari ni hivyo hivyo. Hatuwezi sote kuwa na hatari ndogo kuliko wenzetu. Wengine kati yetu tunajidanganya.

Kwa nini twajidanganya? Kwa sababu choo cha jirani kilichobomoka twakiona kila siku tukipita. Choo chetu kikibomoka twajua sababu zake: mvua, kazi za shamba, miti haijapatikana. Kosa la jirani twaliita uchafu. Kosa letu twaliita shida. Nyani haoni kundule.

Jambo hili limetugharimu sana. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa wa Juliana, jina la shati lililokuwa likiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani. Wengi walidhani ni ugonjwa wa wafanyabiashara hao. Wengine wakasema ni uchawi. Mikoa mingine ikasema ni ugonjwa wa Kagera. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha pata wagonjwa. Na mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea duniani, vijana wa nchi nyingi walisema ni ugonjwa wa wazee. Kijana akaupata bila kuumwa sana, akaupeleka nyumbani kwa bibi yake.

Ugonjwa hauulizi kabila, wala dini, wala nani ni mgeni. Huuliza tu njia iko wapi.

6. SABABU YA NNE: "SIKU IKIFIKA, IMEFIKA"

Hatutaki kubishana na imani ya mtu. Lakini tutazame matendo. Hata anayesema maneno haya hufunga zizi usiku kwa sababu ya fisi. Hupalilia shamba, haliachii magugu. Kama fisi anazuiliwa kwa mlango, kwa nini kipindupindu kisizuiliwe kwa choo?

Tena, tarakimu zinatuonyesha kwamba matendo ya watu hubadili mambo. Hamburg, mwaka 1892, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa 50 hivi. Tanzania, katika mlipuko wa 2015 na 2016, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa chini ya 2. Ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika ni matibabu.

Matibabu hayo si ya ajabu. Mgonjwa hurudishiwa maji na chumvi zilizopotea. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia India na kipindupindu kikazuka kambini. Maji ya kuwatundikia wagonjwa yakawa hayatoshi. Daktari Dilip Mahalanabis, akiwa kambi ya Bangaon, akaamua kuwanywesha maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari. Hapo kwanza walikuwa wakifa watu kama 30 katika kila 100. Baada ya kunyweshwa, walikufa chini ya 4. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha, kikombe kwa kikombe.

Lakini dawa hii humsaidia anayewahi. Na hapa ndipo kudhani "si mimi" kunapoua. Mtu huanza kuharisha jioni. Husema, "Ni maembe mabichi niliyokula." Usiku anazidi. Husema, "Tungoje kupambazuke." Asubuhi hawezi kusimama, na zahanati ni mwendo wa saa tatu. Hakuuawa na kipindupindu peke yake. Aliuawa pia na ule usiku wa kungoja.

7. GEUZA SWALI

Tufanyeje basi? Usijiulize, "Je, mimi nitaugua?" Swali hilo moyo hulijibu upesi: "Hapana." Jiulize hivi: "Kama kipindupindu kingeingia nyumbani mwangu leo, kingepitia wapi?" Swali hili halijibiwi na moyo. Hujibiwa na macho na miguu. Inuka, zunguka nyumba yako ukitazama njia hizi tano:

(a) Choo. Je, kipo? Kina mfuniko? Watoto wadogo nao wanajisaidia wapi? Choo kiwe mbali na kisima, isipungue mita 30, tena kisiwe upande wa juu wa kisima.

(b) Maji. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri, au tumia dawa ya maji kama ulivyoelekezwa. Yatunze katika chombo chenye mfuniko. Kata ya kutekea iwe na mpini, vidole visiguse maji.

(c) Mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Wageni wakikaa kula, wasinawe wote katika bakuli moja. Mmoja amimine maji, mwingine anawe.

(d) Chakula. Kiive vizuri, kiliwe kingali moto, kifunikwe inzi wasitue. Matunda yaoshwe kwa maji salama.

(e) Mgonjwa na maiti. Anayemhudumia mgonjwa anawe kila mara. Mavi na matapishi yamwagwe chooni, wala si mtoni. Mtu akifa kwa kipindupindu, mwiteni Bwana Afya kabla ya kuosha maiti. Msipike chakula cha msiba wengi kabla ya kupata maelekezo yake.

8. MTU AKIANZA KUHARISHA

Usingoje. Mpe maji ya chumvi na sukari mara moja. Kama una pakiti ya dawa hiyo kutoka zahanati, changanya pakiti moja na maji salama, kiasi kilichoandikwa juu yake. Kama huna, tengeneza hivi:

Maji salama: lita 1.
Sukari: vijiko vya chai 6, vilivyosawazishwa.
Chumvi: nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa.

Usizidishe chumvi, ikizidi hudhuru. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika, ngoja dakika 10, umpe tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Yakibaki baada ya siku moja, yamwage utengeneze mengine.

Na wakati huo huo mpelekeni zahanati, hata kama ni usiku. Mnyweshe njiani. Maji haya ni ya kumfikisha. Si ya kumfanya abaki nyumbani.

9. TUKIWA WENGI TWAONA ZAIDI

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Wazee wengi wanaikumbuka kazi hiyo.

Vikundi vina faida moja kubwa. Jicho la mtu halioni kisogo chake, mwenziwe humwonea. Basi fanyeni hivi. Kila kaya itembelewe na kaya nyingine, nayo iitembelee nyingine. Mgeni aonyeshe njia tano za ugonjwa kama anavyoziona yeye. Mwenyeji asikasirike, kwani kesho na yeye atakuwa mgeni. Mwisho wa juma, kikundi kiandike daftarini: vyoo vingapi vimetengenezwa, kaya ngapi zinachemsha maji.

Ndugu msomaji, wembe ukifika kwa jirani, usiseme, "Nywele zake ni ndefu." Shika kichwa chako mwenyewe. Tia maji leo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mzee kisimani alitoa sababu nne. Ipi husemwa zaidi kijijini kwenu?
2. Kwa nini mtu asiyeumwa aweza kuwaambukiza wengine kipindupindu?
3. Hamburg na Altona walitumia mto mmoja. Kwa nini Altona walisalimika?
4. Kaya 40 zina vyoo 25. Kaya ngapi hazina vyoo, kama kila choo ni cha kaya moja? Watu wa kaya hizo huenda wapi?
5. Kutoka kwako hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Usiku mgonjwa atabebwa na nani, kwa chombo gani? Kubalianeni sasa, kabla ya haja.

MANENO

Kuambukiza: kumpa mtu mwingine ugonjwa.
Mlipuko: ugonjwa kuzuka ghafla na kuwapata watu wengi.
Kaya: watu wanaoishi na kula pamoja.
Kusawazisha kijiko: kukifuta juu kisiwe na kilima.